Alichosema Kwenye Simu

Sura ya kwanza ilitoka mikorosho ikichanua,
ya tano ikatufikia ghala la ushirika limeshafagiliwa
na Newala yote imeatamiwa na ukungu kama yai.
Miezi minane. Binti mmoja wa kwenye runinga,
koti jekundu, theluji mpaka magotini,
anamtafuta mama yake.

Hatukuwa na mchezaji. Tulikuwa na kura.
Pembetatu: vuka daraja. Duara: msubiri mzee mwenye mbwa.
Mikono juu, Fakihi anahesabu, Fakihi anabonyeza,
maana pedi ni yake, bando ni lake,
na kochi lililochanika ni la marehemu babu yake.

Mimi nilikuwa mdomo.
Kidato cha sita, Kiingereza cha kupasi,
nimesimama kando ya skrini kama karani wa mnada
nikiyageuza maneno yao kuwa yetu, papo hapo,
kabla maandishi hayajafutika.

Jana usiku tumemaliza.
Binti kafika. Kagonga. Mama kafungua mlango,
mzima, mvi mbili tatu,
nyuma yake meza imeandaliwa watu wanne.
Binti kavua koti, kamkabidhi,
kageuka, karudi kwenye theluji.
Majina yakaanza kupanda.

"Ndiyo nini?" Nurdini kasimama.
"Sura tano anamtafuta, kampata, anaondoka?
Wamelipua hawa! Walitaka kwenda kulala!"
Fakihi kachukua kalamu, kapiga hesabu ukutani:
elfu arobaini na mbili za bando
kununua mlango unaofunguliwa na kufungwa.
Bakiri anasema kosa ni letu, ni lile daraja,
tungemsubiri mzee mwenye mbwa tungepata mwisho mwingine,
na yeye alisema, alisema tangu Agosti,
nani alimsikiliza?
Mshamu analia na anakataa kwamba analia.
Somoe, aliyeingia kudai hela ya vitumbua
akabaki na ndoo kichwani hadi mwisho,
kasema, "Kamwona mama ni mzima. Katosheka.
Nyie mlitaka wacheze ngoma?"

Nami nikanyamaza, mimi mdomo.

Kwa sababu mwisho ule ulikuwa sawasawa.
Walioutunga hawakukosea hata nukta.
Katika sura ya tatu simu iliita,
na mama akasema, kwa sauti ya mtu anayekunja nguo:
Usinitafute. Hakuna aliyenifukuza. Nilitaka kuondoka.
Na pale mbele, juu ya ndoo iliyofudikizwa,
alikaa Ajili Nnunduma,
ambaye mama yake alivuka Ruvuma kwenda kuuza vitenge
Ajili akiwa darasa la pili,
na vitenge havijaisha mpaka leo.
Nilimwangalia kisogo. Nikafungua kinywa. Nikasema:
"Anasema nitafute, mwanangu. Wamenifungia."

Wakapiga makofi. Kuanzia hapo wakapiga kura
kama watu wanaokwenda kuvunja gereza.

Sasa wanamtukana mtu wa nchi ya mbali
kwa uongo uliotungwa Newala.

Ajili peke yake hakusema kitu.
Alikuwa anaviringisha waya wa pedi, taratibu,
kisha akauliza bila kugeuka:
"Hawetu. Ile sura ya tatu. Kwenye simu alisemaje?"

Nilisubiri umeme ukatike.
Umeme wetu, unaokatika kunguru akipiga chafya,
usiku ule uliwaka kama umelipwa.

Nikamwambia.

Nurdini kaguna. Fakihi kaweka kalamu.
Ajili akatoa sarafu ya mia tano, akaiweka juu ya goti.
"Irudishe pale," alimwambia Fakihi. "Simu iite tena.
Na wewe, dada, usitafsiri.
Nataka kumsikia mwenyewe anavyosema."

"Nusu saa ni mia tatu," kasema Fakihi,
akaanza kuitafuta sura ya tatu,
akaiacha mia tano ilale palepale gotini.